Kuvuta si kazi, kazi ni kunyooka: gari la kale juu ya trela

Mwenye gari la kale akitaka kulipeleka kwenye maonyesho kwa trela, la kwanza analouliza ni kama gari lake la kila siku lina nguvu ya kulivuta. Si swali baya, lakini ndilo jepesi kuliko yote. Injini za siku hizi, hasa za dizeli, huweza kuung'oa mzigo mahali ulipo hata kama breki, springi na tairi za gari lenyewe haziuwezi. Balaa la trela huja kwa njia nyingine mbili: kutosimama kwa wakati, na kukataa kufuata mstari. Yote mawili huanza kuamuliwa trela ikiwa bado imeegeshwa, na yanategemea uzito. Ni kiasi gani, na umekaa wapi?

Kwanza niwajibu wale wanaosema gari halisi huendeshwa, halibebwi. Wana hoja. Pebble Beach Concours d'Elegance, maonyesho yaliyoanza California mwaka 1950, yaliongeza safari ya barabarani mwaka 1998, na magari mawili yakitoka sare katika kundi lao, lile lililokamilisha safari hiyo ndilo hupewa kipaumbele. Ila safari hiyo ni ya mwendo wa taratibu, kwenye njia iliyochaguliwa. Gari la miaka ya 1920 lenye breki za nguvu ya mguu mtupu halina raha kati ya malori ya barabara kuu, na walio nyuma yake hawana raha nalo. Kulibeba si aibu. Aibu ni kulibeba ovyo.

Namba ambazo hazisomwi

Kwenye kitabu cha gari watu husoma namba moja tu, ile ya uzito wa juu kabisa wa trela. Hawaangalii uzito ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba, wala uzito wa jumla wa gari na trela kwa pamoja. Ule mkono wa chuma unaotoka mbele ya trela, tuuite shingo, haukai hewani. Unakandamiza nyuma ya gari linalovuta, na kila kilo yake huhesabiwa kama abiria. Chukua gari linaloruhusiwa kubeba kilo 500. Watu wazima wanne na mabegi yao ni kama kilo 360. Shingo ikikandamiza kwa kilo 190, jumla inafika 550. Gari limeshazidiwa, ingawa trela haijakaribia hata kidogo kiwango cha kuvuta kilichoandikwa kitabuni.

Magari ya kale nayo hudanganya macho. Mini ya mwaka 1959 ina kilo 600 hivi na Volkswagen Beetle kama 800. Jaguar E-Type, inayoonekana nyepesi kama mshale, huzidi kilo 1,200. Cadillac ya mwaka 1959 huzidi 2,100. Trela ya wazi ya ekseli mbili ina kilo kama 700 ikiwa tupu, pengine zaidi kulingana na ilivyotengenezwa, na trela iliyofunikwa pande zote mara nyingi huzidi 1,500 kabla gari halijaingia. Ongeza jeki, tairi ya akiba, sanduku la spana, viti vya kukalia uwanjani na kreti la maji. Hapo makisio hayasaidii tena. Peleka msafara wote, yaani gari pamoja na trela yake, kwenye mizani ya magari: pima gari peke yake likiwa na watu wake, kisha pima likiwa limeunganishwa na trela iliyopakiwa, ekseli moja baada ya nyingine kama mizani inaruhusu. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na haina haja ya kurudiwa mpaka ubadilishe gari au mzigo.

Leseni nayo ina mipaka yake, na kila nchi ina yake. Katika Umoja wa Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo inaruhusu trela ya hadi kilo 750, au kubwa zaidi mradi msafara mzima usizidi kilo 3,500. Uingereza ililegeza sharti tarehe 16 Desemba 2021, na sasa mwenye leseni ya gari anaweza kuvuta trela ya hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Anayevuka mpaka asidhani ruhusa ya kwao inamfuata kila aendako.

Kilo za shingoni

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Amerika Kaskazini kanuni inayofuatwa ni kwamba shingo ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela pamoja na mzigo wake. Trela ya kilo 700 yenye gari la kilo 1,200 ni kilo 1,900, kwa hiyo shingo ingetakiwa kukandamiza angalau kilo 190. Ulaya ukisema hivyo utachekwa, kwa sababu magari mengi ya huko yanaruhusiwa kilo 75 hadi 100 tu mahali pa kuungia. Sehemu ya tofauti hiyo ni mwendo. Ujerumani trela huenda kilomita 80 kwa saa, na 100 kwa zenye kibali maalumu, na mwendo ndio unaoamsha yumbayumba nitakayoieleza punde. Anayevuta afuate kitabu cha gari lake na cha trela yake, achukue kiwango kidogo kati ya viwili, kisha akikaribie kutoka chini bila kukivuka. Kubaki mbali chini yake si usalama.

Unakifikiaje? Kwa kusogeza gari la kale mbele au nyuma juu ya trela. Hesabu yake ni ya nyenzo tu. Tuseme kutoka mahali pa kuungia hadi katikati ya ekseli za trela ni mita 4. Ukilisogeza gari la kilo 1,200 sentimita 10 mbele, shingo inaongezewa kilo 30. Sentimita 10! Ni upana wa kiganja. Ndiyo maana jibu la "nimeliweka katikati" halitoshi. Pima uzito wa shingo, na ukishapata mahali panapofaa, chora alama ya rangi kwenye sakafu ya trela pale tairi za mbele zinapoishia. Safari nyingine zote utapakia kwa kufuata alama hiyo.

Injini ikiwa nyuma, mambo yanageuka. Kwenye Beetle, Fiat 500 ya mwaka 1957 au Porsche 911, uzito mkubwa uko juu ya magurudumu ya nyuma. Ukiipandisha kwa mbele na kuisimamisha pale ambapo gari la kawaida lingesimama, shingo inakuwa nyepesi. Ama uisogeze mbele zaidi, ama uipandishe kinyumenyume. Ukichagua kinyumenyume, angalia milango. Mlango wenye bawaba mbele hujifunga wenyewe kwa upepo gari likitazama mbele, na gari likigeuzwa upepo uleule unatafuta upenyo wa kuufungua. Fiat 500 za kabla ya mwaka 1965 zina kinyume chake, bawaba ziko nyuma, kwa hiyo hizo huogopa upepo zinapotazama mbele. Kwa vyovyote, funga milango kwa ufunguo na uizungushie boneti mkanda laini kama huamini komeo lake.

Shingo nzito kupita kiasi ina madhara yake pia. Inainamisha nyuma ya gari linalovuta na kupunguza mshiko wa magurudumu ya mbele, usukani unakuwa mwepesi wa ajabu, na taa zako zinawapofua wanaokuja. Kuna viungo vyenye vyuma vya kugawanya uzito vinavyorudisha sehemu ya mzigo huo kwenye ekseli ya mbele. Vinafanya kazi vizuri, ila havibadilishi kiwango cha juu ambacho gari lako linaruhusiwa.

Kwa nini trela huyumba

Trela iliyofungwa nyuma ya gari ni kama timazi ya fundi mwashi iliyolazwa. Ukiisukuma kando, inarudi, inapitiliza, inarudi tena. Kwa mwendo mdogo kila mzunguko ni mfupi kuliko uliotangulia na mwishowe trela inatulia. Mwendo ukipanda, kutulia huko kunachelewa, mpaka inafika kasi ambayo kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Hapo trela ndiyo inayoliendesha gari. Kasi hiyo si moja kwa trela zote. Uzito ukilala nyuma ya ekseli, inashuka sana. Msafara unaweza kuonekana mtulivu kabisa kwa kilomita 75 kwa saa ukavurugika kwa 90. Dereva anabaki akilaumu upepo au lori lililompita, na hivyo viwili vilisukuma tu kitu ambacho kilikuwa kimeshakaa vibaya.

Kuna kosa jingine ambalo hata waangalifu hulifanya. Mtu anapima shingo, anakuta iko sawa, lakini ameipata kwa kuweka sanduku zito la vifaa mbele kabisa na tairi za akiba nyuma kabisa. Mizani inasema ndiyo, fizikia inasema hapana. Vitu vizito vikiwa kwenye ncha zote mbili, trela ikishaanza kuzunguka inakuwa ngumu kuituliza. Vizito vikae karibu na ekseli, chini.

Trela ikianza kuyumba, mikono na miguu hutamani kufanya mambo yasiyofaa. Usikanyage breki kwa nguvu: gari linapunguza kasi, trela bado inasukuma, na msafara unakunjika. Usiongeze mafuta ukidhani utaivuta inyooke, kwa sababu kasi ndiyo iliyoleta yote haya. Usiifukuze kwa usukani huku na huko, maana utachelewa kila mara na kuongeza yumbayumba. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, subiri. Kama trela ina breki za umeme, bonyeza kidogo kile kitufe cha mkono kinachofunga breki za trela peke yake. Hiyo ndiyo dawa bora, kwa sababu trela inavutwa kwa nyuma na kulazimika kunyooka. Ukishatulia, tafuta mahali salama usimame na upange mzigo upya. Hiyo kasi iliyokutisha sasa unaijua. Usiirudie kabla hujarekebisha.

Breki

Mzigo ukitoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka kwa asilimia 56. Ongezeko la kasi ni robo tu. Hii peke yake inatosha kueleza kwa nini nchi nyingi hazikubali trela nzito isiyo na breki zake. Ulaya mstari umechorwa kwenye kilo 750.

Zipo aina mbili kuu. Za msukumo, zilizozoeleka Ulaya, hufanya kazi pale gari linapopunguza mwendo na trela kuisukuma sehemu ya kuungia, msukumo huo ukavuta kebo za breki. Hazihitaji umeme wala kifaa ndani ya gari, lakini dereva hana njia ya kuzifunga peke yake. Kwenye mteremko mrefu trela inasukuma muda wote, breki zinachemka na kulegea. Teremka kwa gia ya chini tangu juu, kabla mambo hayajawa moto. Za umeme, zilizozoeleka Marekani, zina kifaa kwenye dashibodi. Vya bei nafuu huhesabu muda tu tangu ulipokanyaga breki, na vilivyo bora hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kuifungia trela kwa kiasi hichohicho. Mimi singenunua cha kwanza. Hivi vyote hurekebishwa mahali patupu kwa mwendo wa kilomita kama 40 kwa saa: pandisha nguvu mpaka magurudumu ya trela yakaribie kuburura, kisha rudisha chini kidogo. Trela tupu inataka kiwango kingine, la sivyo tairi zake zitaburuzwa kila ukigusa breki.

Kebo ya dharura, ile inayofunga breki za trela endapo itachomoka, ifungwe kwenye mwili wa gari linalovuta. Ukiifunga kwenye minyororo ya usalama, kitu kimoja kikikatika umepoteza vyote viwili. Minyororo yenyewe ipishane chini ya shingo, ili shingo ikianguka ilale juu yake badala ya kuchimba lami.

Na tufe la kuungia, lile la chuma lililo nyuma ya gari linalovuta? Ulaya ni la milimita 50. Marekani kuna la inchi 2 na la inchi 2 na 5/16, na hapo pana mtego. Kombe la trela, yaani sehemu inayolifunika tufe, likiwa limetengenezwa kwa tufe kubwa hulikubali dogo. Linafunga, komeo linashuka, taa zinawaka, msafara unaondoka. Kisha linakuja tuta. Soma namba iliyochongwa kwenye tufe na kwenye kombe, na ukishafunga, pandisha shingo kwa jeki yake mpaka nyuma ya gari ianze kuinuka. Kombe ambalo halijashika litajitoa hapohapo, ukiwa umesimama.

Kulifunga gari ambalo halikuumbwa kufungwa

Kupakia huanza na trela ikiwa imeunganishwa, mahali tambarare, kabari chini ya tairi na nguzo zake za nyuma zimeshushwa. Gari linapopanda, uzito wote hukaa nyuma ya ekseli kwa muda na kutaka kuinua shingo. Winchi ni bora kuliko kupanda kwa injini. Kuna sababu ambayo wengi hawaijui: magari mengi ya miaka ya 1950 yana breki za mbele za drami ambazo viatu vyake vyote viwili, yaani vile vibao vinavyobana drami kwa ndani, vimepangwa vishike gari likienda mbele. Likirudi nyuma hushika kwa unyonge. Gari likianza kuteleza kutoka kwenye rampu, kanyagio halitakuokoa ulivyotarajia. Mtu mmoja afuate na kabari nyuma ya gurudumu, akiwa pembeni, wala asisimame moja kwa moja nyuma ya gari au kwenye mstari wa kamba ya winchi.

Kiwango kinachotumika Ulaya na Marekani ni kwamba vifungo vihimili nguvu ya kwenda mbele sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pande na nyuma. Kwa gari la kilo 1,200 hiyo ni karibu kilo 960 kwenda mbele. Mikanda minne mizuri inaiweza, mradi usome namba sahihi. Mkanda wa racheti wa inchi 2 huandikwa kwa herufi kubwa nguvu ya kukatikia, mathalani pauni 10,000. Uwezo wa kazi ni theluthi yake, kama kilo 1,500. Na mkanda uliokaa kwa pembe unatoa sehemu tu ya uwezo huo.

Ufunge wapi? Kwa maoni yangu, kwenye magurudumu, kila inapowezekana. Mkanda unaopita juu ya tairi huishikilia tairi kwenye sakafu na kuacha springi zicheze kama barabarani. Ukifunga kwenye chesisi, kila shimo linaibonyeza springi, mkanda unalegea na kukaza, unalegea na kukaza. Wengine huvuta mkanda mpaka gari lilale kabisa, jambo ambalo springi zenye miaka 70 hazistahili. Citroën DS inafunza somo hili vizuri: inakaa juu ya mafuta na gesi, na injini ikizimwa mwili unashuka polepole. Ifunge mwili asubuhi ikiwa imesimama wima, na baadaye mikanda inaning'inia.

Usipitishe mkanda kati ya spoki, ziwe za waya au za mti kama za Ford Model T nyingi. Kwenye ekseli ngumu ya nyuma unaweza kuzungusha mkanda laini, ukihakikisha haujaukandamiza mpira au bomba la breki linalopita hapo. Bampa, mikono ya usukani na fremu ya rejeta havifungwi kitu. Na kabla hujaiamini ndoano iliyo chini ya gari, gonga chuma chake. Kutu hupenda sana sehemu hizo.

Funga bomba la petroli kama gari lina koki yake, na ondoa waya wa betri. Kabureta za zamani hutikisika na kumwaga petroli, na ndani ya trela iliyofunikwa mvuke huo hauna pa kwenda. Turubai la gari acha nyumbani: likipigwa na upepo na vumbi linasugua rangi kama msasa. Ukishaenda kilomita 20 au 30, simama ukaze upya mikanda. Daima huwa imelegea.

Hapohapo gusa kitovu cha kila gurudumu la trela kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa moto kuliko vingine, beringi haina grisi au breki inashika. Trela hukaa miezi bila kutembea, kwa hiyo beringi hupata kutu na tairi huzeeka zikiwa na kashata nzuri kabisa. Tarakimu nne za mwisho za msimbo ubavuni mwa tairi husema umri wake: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Zikifika miaka mitano au sita, nyingi huwa zimekwisha hata kama zinang'aa. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa, tairi zikiwa baridi. Ikipasuka moja kwenye trela ya ekseli mbili, chunguza na jirani yake, maana ndiyo iliyobeba mzigo wa wawili.

Safari ya kurudi ina hatari yake. Kwenye mikutano kama wa Hershey, Pennsylvania, au Beaulieu, Uingereza, sehemu kubwa ya uwanja ni ya wauza vipuri, na hakuna mwenye gari la kale anayeondoka mikono mitupu. Jioni, kila mtu amechoka, giaboksi ya kilo 60 inatupwa mahali penye nafasi, yaani nyuma kabisa ya trela. Ikikaa mita 2 nyuma ya ekseli kwenye trela ile ya mita 4, inaiondolea shingo kilo 30, sawa na kulirudisha gari zima sentimita 10. Iwekwe mbele kidogo ya ekseli, ifungwe kwa mkanda wake yenyewe, na shingo ipimwe tena.